Handikapu ya -1, timu imeshinda 2-1: mbona kampuni moja imerudisha dau na nyingine inasema nimepoteza?

Shabiki wa Pembeni:
Habari za wakati huu, wakuu. Naomba kueleweshwa. Nilibashiri mechi ileile katika kampuni mbili, nikaichagua timu ya nyumbani kwa handikapu ya -1, na mechi ikaisha kwa ushindi wa mabao 2-1. Kampuni ya kwanza imenirudishia dau lote bila faida wala hasara, lakini kwa ile ya pili mkeka umechanika. Je, kuna iliyokosea? Na hizi namba za -0.25 na -0.75 zina maana gani, ilhali bao halina robo?

Kiungo Mkabaji:
Hakuna iliyokosea, ndugu. Umecheza masoko mawili tofauti yanayofanana kwa jina. Yote mawili huipunguzia timu uliyoichagua bao moja kabla ya kuhesabu, kwa hiyo 2-1 yako inasomeka 1-1, na tofauti huanzia hapo. Handikapu ya Ulaya ina machaguo matatu, yaani nyumbani, sare na ugenini. Hesabu ikitoka sare, anayelipwa ni yule aliyechagua sare ya handikapu, na wewe uliyechagua nyumbani umepoteza. Handikapu ya Asia haina chaguo la sare, ndiyo maana hesabu ikilingana dau hurudishwa. Kabla ya kuweka fedha, hesabu odi zilizopo (namba ambazo dau huzidishwa nazo ukishinda): zikiwa tatu, tena mara nyingi zikiandikwa kwa mtindo wa 0:1, hiyo ni ya Ulaya, zikiwa mbili ni ya Asia.

Chukua mechi ya Ufaransa na Australia katika Kombe la Dunia la 2022, iliyoisha 4-1. Aliyeichagua Ufaransa kwa -2 alishinda katika soko lolote kati ya hayo. Kwa -3, wa Asia alirudishiwa dau lake, wa Ulaya alipoteza.

Mzee wa Takwimu:
Niongezee kuhusu robo, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama. Bao haligawanywi, kinachogawanywa ni dau. Ukiweka 1,000 kwenye -0.75 yenye odi ya 1.90, umeweka 500 kwenye -0.5 na 500 kwenye -1. Timu ikishinda kwa bao moja, nusu ya kwanza inalipwa 950 na nusu ya pili inarudi 500, hivyo unapokea 1,450. Ikishinda kwa mawili au zaidi unalipwa 1,900, na ikitoka sare au ikifungwa hupati kitu. Kwa -0.25 nusu mbili ni 0 na -0.5: sare inakurudishia 500 tu. Upande wa pili, mwenye +0.25, yaani aliyechagua timu inayoongezewa badala ya kupunguziwa, akipata sare hurudishiwa nusu moja na kulipwa nyingine.

Shabiki wa Pembeni:
Ahsanteni sana, sasa nimeuelewa ule mkeka. Je, timu kubwa inapopewa odi ya 1.15, si afadhali kuichukua kwa -1.5 ili odi ipande? Na dakika za nyongeza zinahesabiwa?

Mzee wa Takwimu:
Odi inapanda kwa sababu swali limekuwa gumu zaidi. Huulizwi tena nani atashinda, bali atashinda kwa mabao mangapi, na timu nyingi kubwa zikishaongoza 1-0 hupunguza kasi na kulinda bao, jambo ambalo kwa kocha ni busara na kwa mwenye -1.5 ni hasara. Kumbuka pia kwamba pande zote mbili zikipewa 1.90, mtu anayeweka dau lilelile kila mara anahitaji kushinda zaidi ya asilimia 52.6 ya mikeka yake ili asipoteze fedha. Pengo hilo kati ya asilimia 50 na 52.6 ni mapato ya kampuni, na kuongeza handikapu hakuliondoi.

Kiungo Mkabaji:
Kuhusu muda, kwa kawaida huhesabiwa dakika 90 pamoja na zile za majeruhi, si zile 30 za nyongeza wala penalti. Fainali ya 2022 ni mfano mzuri: Argentina ilitwaa kombe kwa penalti, lakini dakika 90 ziliisha 2-2, kwa hiyo aliyekuwa na Argentina -0.5 alipoteza na mwenye Ufaransa +0.5 akalipwa. Ukibashiri handikapu ya Asia mechi ikiendelea, soma kanuni vizuri, kwani mara nyingi hesabu huanza upya kwa 0-0 kuanzia pale ulipoweka dau, hata kama timu yako tayari inaongoza.