Bamba la katani na poliesta linavunjika mapema

Mwambani_Tanga: Wakuu, tunatengeneza mabamba ya resini ya poliesta (plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) yenye nyuzi za mkonge, asilimia 30 kwa uzito. Likipindwa linakatika ghafla, na kwenye mvunjiko nyuzi zimechomoka safi, hazikukatika. Yaliyokaa mvuani yana madoa meupe kingoni. Kosa liko wapi?

FundiResini: Kuchomoka safi maana yake resini haikuzishika. Mkonge una nta juu, halafu unapenda maji, poliesta haiyapendi. Loweka nyuzi kwenye kostiki soda, gramu 50 kwa lita ya maji, saa 2 hadi 4. Vaa glavu na miwani, na soda ndiyo itiwe kwenye maji, kamwe si kinyume. Suuza mpaka utelezi uishe, mwisho tia siki kidogo. Usizidishe: soda kali hula selulosi yenyewe, yaani kile kinachoupa uzi nguvu, nyuzi ikadhoofika.

Mama_Kamba: Naongezea kukausha, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Kwa hewa yetu ya pwani kuanika hakutoshi. Weka kwenye oveni nyuzijoto 80 mpaka uzito usipungue tena, kisha tumia siku hiyohiyo. Unyevu uliobaki huzaa vipovu, na ufa huanzia kwenye kipovu. Madoa meupe ni maji yaliyopenya kwenye ncha zilizokatwa: nyuzi inavimba, ikikauka inanywea, inaachana na resini. Kingo zote zipakwe resini tupu.

Mwambani_Tanga: Asante sana. Nyuzi tunakata sentimita 1.

FundiResini: Jaribu 3, na nyingi zilale upande unaobeba mzigo.