Mchumba wangu mwanajeshi anataka tufunge ndoa kabla hajarudi Kivu, nishaurini

MwanaKatuba: Jambo wakubwa. Niko Katuba, Lubumbashi, miaka 26. Mchumba wangu ni wa FARDC, jeshi la Kongo, ana likizo ya siku kumi. Wajomba wake wanaleta mahari Jumamosi. Baba anasema tungoje. Usiku silali. Nikubali?

YayaNyota: Mdogo wangu, nimekaa Kambi Vangu, kambi ya wanajeshi, miaka tisa. Chumba kimoja, pazia ndiyo ukuta. Bwana alipohamishiwa Kamina nilibeba masufuria nikamfuata. Alipopelekwa Beni nikabaki. Watoto walianza kumwita "mjomba wa simu".

BabaMapacha: Siku hizi mahari bei ya gari! Mimi nilitoa mbuzi wawili na baiskeli, mama watoto yupo hadi leo.

FundiKenya: Dada, ndoa ya komine, yaani ofisi ya serikali, au ya familia tu? Mwanajeshi haoi bila ruhusa ya wakubwa wake. Na akifia vitani, mjane asiye na cheti cha komine atazunguka maofisini na picha ya harusi mkononi. Hiyo ruhusa iko wapi?

MwanaKatuba: Inakuja. Tunaanza na mahari, komine baadaye.

FundiKenya: Inakuja kutoka wapi? Sema yote.

MwanaKatuba: Sawa. Aliomba, wakamrudishia. Faili lake lina jina la mke, eti yuko Kamina. Anasema ni kosa la karani, kuna mwenzake wanaitwa sawa. Mimi namwamini, ninyi hamumjui. Na mbuzi wamekwisha kununuliwa.

Masta_K: Karani aliandika na watoto wangapi? 😂 Karibu deziemu biro, nyumba ndogo.

FundiKenya: Kama mke huyo yupo kweli, komine haikuandiki. Sheria ya Kongo haina mke wa pili.

YayaNyota: Msimcheke. Mimi pia kuna barua niliwahi kuikuta mfukoni... tuyaache.

MtotoWaGekamini: Ngojeni kidogo. Si huyu huyu alikuja Machi na mchumba dereva wa lori la Kasumbalesa? Naye alikuwa na siku kumi! Tunapigwa hadithi hapa.

MwanaKatuba: Ile ilikuwa ya dada yangu, nilimwandikia tu.

Masta_K: Dada naye ana mbuzi?

BabaMapacha: Wangu walikuwa madume wote wawili, wanono.

FundiKenya: Hata kama ni hadithi, nijibu moja tu. Hao mbuzi alilipa nani?

MwanaKatuba: Nilimkopesha. Atanirudishia mshahara ukiingia.