Mjadala: baba wa watoto 3 auze sedani ya mbio anunue gari ya spoti, hapa Lubumbashi, ni akili kweli?

Wakubwa, wadogo, mama zangu, jambo kwenu wote. Juzi baba mmoja wa Kampemba, komini ya hapa Lubumbashi, aliuliza kama ni sawa mtu mwenye watoto aachane na sedani yake yenye nguvu achukue gari ya spoti ya milango 2. Wakamrukia wote. Huyu anamwambia ajenge kwanza, yule anamwambia umri wake umepita, mwengine anasema magari ya vile njo (ndiyo) yanamaliza watu ku barabara ya Likasi. Mi nilifanya kitu hicho mwaka jana, nataka niseme nilichoona, alafu kila mtu aseme yake.

Nilikuwa na Mark X, sedani ya Toyota, ile ya lita 3.5, V6 (silinda 6), nguvu ya farasi 318. Iliingilia Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, kama magari mingi yetu, usukani kuume. Gari ya kutulia ile, ndani kimya, watoto wanalala nyuma, unagusa pedali kidogo tu inaenda. Na shida yangu ilianzia pale pale. Siku moja tunatoka Likasi jua linazama, mbele yangu lori la shaba linaenda polepole, na wote mnajua usukani ukiwa kuume na sisi tunatembea mkono wa kuume huoni kitu mpaka utoe nusu ya gari, kwa hiyo unamuuliza mama watoto aliyekaa kushoto, kunakuja kitu? Akasema pita. Nikapita. Gari haikuguna hata kidogo. Nilipoangalia kadrani ya mwendo ilikuwa 160 kwa saa, na mwili wangu ulikuwa unaniambia labda 100. Pembeni ya ule upande mwengine kulikuwa baba wa makala (makaa) na kinga (baiskeli) yake, mifuko mitatu imerundikwa, anaisukuma kwa mikono. Aliiachia ikaanguka ku majani, yeye akaruka. Nilimwona ndani ya kioo amesimama anaangalia makala yake chini. Nilikwenda kusimama mbele kabisa, nikarudi kwa miguu, nikamlipa mfuko uliopasuka. Mikono iliyokuwa inatetemeka ni yangu, yake hapana. Alinipa hata pole.

Kwa 160 gari inakula mita 44 kila sekunde. Kwa 80 ni 22. Na nguvu ya kugonga haiongezeki mara 2, inaongezeka mara 4. Mi nilikuwa nazijua hesabu hizo kitambo, ila gari yangu haikuwa inanifanya nizisikie.

Nikaiuza. Nikatafuta GT86, gari ya spoti ya milango 2, ile Toyota ilifanya pamoja na Subaru, ilitoka 2012, nikapata moja iliyotoka Ulaya, usukani kushoto. Sasa sikieni vizuri maana hapa njo watu wanakosea: gari hiyo ni polepole kuliko Mark X niliyoiuza. Injini lita 2, haina turbo, farasi 200. Tukisimama pamoja ku taa, Mark X ya 3.5 inaniacha. Lakini ina kilo kama 1240 wakati ile nyingine inapita 1500, injini yake imelala, silinda 2 huku na 2 huku, imewekwa chini kabisa, na wewe unakaa karibu na lami. Kwa 80 unasikia kila kijiwe, injini inalia, mgongo unakuambia kona imeanza kabla macho hayajaiona. Hata tairi za kiwandani ni nyembamba, upana milimita 215, walifanya makusudi ili gari ianze kukuonyesha inateleza ukiwa bado na mwendo mdogo, isikushike shike mpaka 150 alafu ikuachie ghafla. Leo naenda Likasi kwa 90 na nafika nimefurahi. Na Mark X hiyo 90 ilikuwa inanitia usingizi, njo nilikuwa nakanyaga.

Kwa hiyo neno langu ni hili: hapa Katanga, na malori haya, na watu wa makala pembeni, gari ya hatari kwa baba wa familia ni sedani kubwa inayomficha mwendo wake. Ile ndogo ya chini tunayoiogopa inakuambia ukweli.

Mudogo wa Kamalondo: Yaya (kaka), nakuheshimu, lakini farasi 200 ni gari ya spoti ya nini sasa? Kuna M3 ya BMW, ile E90, milango 4, V8 ya farasi 420, watoto wanakaa, mama anakaa, na ni spoti kabisa. Hakuna haja ya kuchagua. Umetoka ku nguvu umerudi nyuma, mi siwezi.

Fundi wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi): Mudogo, M3 ile naijua, kusinet za biele, zile beringi za ndani ya injini, zinakwisha mapema, ukiinunua bila kuzibadilisha unasubiri siku injini itoboe bloki, na pisi (vipuri) zake si za kuokota ku soko. Yaya naye aambie watu ukweli wote. GT86 za mwanzo, 2012 na 2013, Subaru na Toyota waliziita zirudi garaji mwaka 2018 juu ya springi za valvu, na kuzibadilisha lazima injini ishuke chini yote. Gari iliyokuja okazio (imeshatumika) kutoka Ulaya, nani amehakikisha kazi hiyo ilifanyika? Tena kompresio, vile injini inabana hewa, ni 12.5 kwa 1, iko juu, ukiweka esanse (petroli) ya chupa ya pembeni ya barabara injini inaanza kugonga. Na swali langu lingine, yaya, usinikasirikie: unasema gari imekuponyesha, mi naona kilichokuponyesha ni usukani kushoto. Ungenunua Corolla yenye usukani kushoto ungemwona yule mzee wa makala.

Mama wa Bel-Air: Baba, asante kwa kurudi kumlipa yule mzee, wengi hawarudi. Lakini wewe unaongea barabara ya Likasi, sisi wamama tunaongea siku zote za juma. Nilipanda nyuma ya gari ya namna hiyo siku ya ndoa, magoti yalinifika kifuani, kitambaa kikajikunja mpaka nikaona haya kushuka mbele ya watu. Na mwezi wa kwanza mvua ikinyesha, shimo huwezi kulijua urefu wake, utapita wapi na tumbo la gari liko chini vile? Mwanaume akinunua gari ambayo mke na watoto wote hawaenei, amejinunulia mwenyewe, hata akiiendesha polepole namna gani.

Mwenye mada: Nianze na fundi. Nusu nakupa. Usukani kushoto umenisaidia sana, na kama serikali ingekuwa na nguvu ya kumaliza mambo ya usukani kuume tungezika watu kidogo, mi sina ubishi hapo. Ila nimepanda Corolla ya usukani kushoto ya kazini miaka, na niliikanyaga vile vile, kwa sababu nayo ni ya kutulia, inakubembeleza. Kuona mbele ni kitu kimoja, kusikia mwendo ndani ya mwili ni kitu kingine. Yangu ni ya 2015, springi hazinihusu, lakini wanaotafuta wasikie maneno ya fundi, muulizeni muuzaji karatasi, asiponyesha muachie gari yake.

Mudogo wangu, farasi 420 ku barabara yetu utazitumia wapi? Hiyo M3 ni Mark X yangu imeongezewa 100. Utakuwa na 180 na utasema nilidhani 120. Mi nilishasema sentensi hiyo mbele ya mtu amesimama ku majani, sitaki uiseme na wewe.

Mama, wewe njo umenigusa. Chini ina kama sentimita 13. Ile dodane (tuta la barabara) iko karibu na shule ya watoto naipanda kwa kona, tairi moja, nangoja, tairi ya pili, watu wa nyuma wanapiga klakson, na bado katikati inasema krrr, kila asubuhi, watoto wameshazoea wanashika pumzi. Mvua ikinyesha naiacha nyumbani. Sikuambii ni gari ya kila kitu.

Fundi wa Kenya: Hiyo krrr ni kifuniko cha plastiki chini ya injini, bulo (bolti) zake zikianguka utakikokota mpaka garaji. Ilete tuiangalie. Na juu ya Corolla sijakubali, lakini nimekusikia.

Mama wa Bel-Air: Mmeongea usukani, springi, kilo. Swali langu liko pale pale. Nyumbani kwenu muko wangapi na viti viko vingapi?

Mwenye mada: Tuko 5, mama. Viti viko 4. Siku ya juma inaenea, mi na watoto 3, wakubwa wawili wanabanana nyuma. Jumapili naazima Noah ya mdogo wangu, ile Toyota ya viti vingi, ama mama watoto anaenda na mmoja kwa teksi, na hapo sina jibu zuri la kukupa, sitaki kulitengeneza. Mbarikiwa yule wa Kampemba aliyeuliza, kama hana ndugu wa kumuazimisha gari asiuze yake bado, hata kama hiyo yake inamdanganya mwendo, heri aipunguze mwenyewe kwa macho ya kadrani. Yangu sitaiuza. Lakini mtoto wangu wa mwisho ana miaka 6, na kila nikichukua ufunguo ku msumari anakimbia kuvaa viatu kabla ya wenzake.