Naomba ushauri: nimtumainije Mungu bila mashaka kipindi hiki?

Mwanakondoo: Shalom wapendwa. Niko Njombe. Nilikuwa mwingiza takwimu kwenye kliniki ya wanaoishi na VVU, chini ya mradi wa wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 tukaambiwa ni siku 90 tu. Nikafunga, nikaomba, hadi leo hakuna aliyenipigia. Nasali, lakini saa nane usiku naamka moyo unaenda mbio. Mtu anafanyaje ili imani isiyumbe? Naomba maandiko na uzoefu wenu. Wa kukejeli wapite kimya.

Binti Sayuni: Pole mpendwa. Elia alilishwa na kunguru kwenye kijito cha Kerithi. Tulia hapo hapo kijitoni, usihesabu siku. Mimi nilisota sana bila kazi, watu wakanicheka, leo nina duka la vitenge Makambako. Usikose kesha la Ijumaa.

Mzee Kijana: Maombi sawa, NSSF je? Kuna fao la kukosa ajira. Kama ulichangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo nayo ni riziki, kaifuate.

Mwanakondoo: Nilishaifuata, ubarikiwe. Inaishia kwenye kodi na unga, na ndiyo inaelekea ukingoni.

Fundi Cherehani: Dada, kukosa kazi kunachosha, ila hakumwamshi mtu saa ile ile kila usiku. Kuna siku unaiogopa. Ni ipi?

Mwanakondoo: Sikutaka kuliweka hapa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama kanisani. Mwezi wa saba ada ya mtoto ilinibana, nikatumia laki nne za kikundi. Desemba tunagawana. Sikuiba, nimeziandika kwenye daftari langu. Mbegu ya viazi nimeshalipia, nalima kinyungu bondeni, nikivuna narudisha na riba juu. Imebaki mbolea, nafikiria kugusa laki mbili nyingine. Nimemwachia Mungu. Niombeeni, msinihukumu.

Mtoto wa Lupembe: Vinyungu! Mwaka juzi nilipanda Julai, baridi ikaunguza shamba zima usiku mmoja. Vilivyopona, mnunuzi akataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa bei ya gunia la kawaida. Viazi havijui una deni.

Kalamu Nyekundu: Chai hii. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na linafunguliwa kikaoni mbele ya wote. Wewe ulilifungua kwa kunena kwa lugha? Tusipotezeane muda.

Binti Sayuni: Hata mimi nimeanza kushtuka. Juzi mwingine alilia hapa hapa, mwisho akaweka namba ya kutumiwa hela.

Mwanakondoo: Kwani nimeomba hela kwa nani? Sandukuni sijagusa. Wanaokaa mbali hutuma marejesho kwenye simu yangu katikati ya wiki, natoa kwa wakala napeleka kikaoni. Hayo ndiyo sikuyafikisha. Nilisema hawajatuma.

Kalamu Nyekundu: Hapo sawa. Naondoa neno langu.

Fundi Cherehani: Subiri. Kwa hiyo kuna mama anapigwa faini ya kuchelewesha, na hela alishalipa?

Mwanakondoo: Wawili. Mmoja ni mjane.

Mzee wa Ibada: Binti yangu, sikuhukumu, ila soma 1 Wafalme 17 mpaka mwisho. Kijito kile kilikauka. Elia hakuambiwa aendelee kukaa pale, aliambiwa inuka, nenda Sarepta. Kisha soma 2 Wafalme 4, mjane mwenye deni. Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Vyombo aliazima kwa majirani waziwazi, na mafuta yalipopatikana aliambiwa auze alipe deni kwanza. Muujiza ule haukumficha mtu wala haukumtwisha mwingine mzigo. Wewe unamtaka Mungu abariki viazi ili akina mama wasijue. Hilo usiliite kumtumaini.

Mwanakondoo: Wakijua watanitoa kwenye kikundi. Pengine hata kwenye kwaya. Mume wangu naye hajui.

Mzee Kijana: Wakikutoa, utatoka. Jina la yule mjane linachafuka kila Jumamosi, naye hana hata pa kuandika uzi.

Fundi Cherehani: Usiku huu mwambie mume. Kesho nenda na daftari kwa mwenyekiti kabla ya kikao, mwombe akae nawe mpange marejesho kidogo kidogo. Kikaoni sema mwenyewe kwamba wale wawili walilipa, faini zao zirudishwe. Mbolea achana nayo.

Mwanakondoo: Na mbegu nimeshazilipia?

Mtoto wa Lupembe: Kama ni safi nazichukua zote kwa bei uliyonunulia. Njoo PM.