Mjadala: Michoro ya katriji yetu ya Game Boy, tuitoe yote au msimbo tubaki nao?

PiniThelathini: Wakuu, bodi ya tatu imewaka. Kwa wasiofuatilia: tuko wanne, tunatengeneza katriji ya flashi (kaseti ya gemu unayoweza kuiandika upya) ya Game Boy ile ya kwanza kabisa, mashine ya mkononi ya Nintendo ya 1989, ili mtu aliyeandika gemu yake aicheze kwenye mashine halisi, si kwenye emuleta, programu ya kompyuta inayoiiga. Flashi, yaani chipu inayohifadhi gemu, ni 39SF040, KB 512. Kidhibiti cha benki, kinachoionyesha mashine gemu kubwa kipande kwa kipande, tumekiandika wenyewe, kinakaa kwenye CPLD, chipu unayoipangia kazi mwenyewe. Sasa tumegawanyika. Wawili wanataka kila kitu kitolewe hadharani: mchoro wa saketi, faili za bodi, msimbo wa kidhibiti. Mimi na mwenzangu tunasema msimbo ubaki, maana kesho kutwa mtu atachapisha bodi za kutosha, ajaze gemu za wizi, auze, lawama tupate sisi. Mnaonaje?

FunguaBoksi: Toeni yote. Huo mnaouita "msimbo wetu" unaiga tabia ya MBC5, chipu ya kudhibiti benki waliyobuni wengine, na nyinyi mmeijua kwa sababu kuna watu waliichunguza benki kwa benki wakaandika walichokiona, bure. Mmekula kwa watu, sasa chenu mnafunika sahani.

BwanaRisasi: Wanaopiga kelele "toeni yote" wengi wao hawajawahi kushika pasi ya kuchomea. Toeni mchoro, inatosha. Halafu hiyo 39SF040 ya nini siku hizi? KB 512 unaweka nini humo? Mimi nimetia flashi ya volti 3.3, kubwa mara nne, nimeiunganisha moja kwa moja, mwaka wa pili huu haijawahi hata kupiga chafya.

FunguaBoksi: Sijashika pasi? Nina kovu la pasi kwenye kidole gumba lina umri mkubwa kuliko katriji yako. Na wewe uliyeishika unachomeka chipu ya 3.3 kwenye laini za volti 5, halafu unakuja kujisifu hadharani.

KimyaKingi: Kwa swali lenyewe: muuza gemu za wizi hasubiri msimbo wenu. Bodi za aina hiyo zimejaa sokoni miaka na miaka. Mkificha mtamzuia mwanafunzi tu.

BibiWaBodi: Hiyo ya volti naomba niiseme, maana iliniunguza. Game Boy inaipa katriji volti 5, na laini za anwani na za data nazo ni za volti 5. Soma datashiti, karatasi ya vipimo, ya flashi za 29LV, zile za volti 3.3: umeme wake ukizidi volti 4 umevuka mpaka wa kuiharibu, si mpaka wa kufanyia kazi. Nilinunua katriji moja iliyokuwa tayari, muuzaji simtaji. Nikacheza dakika kama kumi, nikaichomoa, nikafungua ganda, nikagusa mgongo wa chipu. Nilikirudisha kidole haraka. Na ile taa nyekundu ya betri pembeni mwa skrini ilikuwa imefifia tangu gemu haijafika kwenye menyu.

BwanaRisasi: Dada, taa hufifishwa na betri, si na chipu. Tusitishane.

BibiWaBodi: Dada? Mwanangu, nina wajukuu wawili. Shikamoo kwanza, volti baadaye.

BwanaRisasi: Shikamoo bibi. Nilidhani ni jina tu.

BibiWaBodi: Marahaba. Sasa kapime.

MsomaKesi: Mnabishana umeme na hakuna aliyegusa nembo. Ukiwasha mashine, inalinganisha baiti 48 za nembo ya Nintendo zilizo kwenye katriji na nakala iliyo ndani yake. Zikitofautiana, inaganda hapo hapo. Sasa mkitoa faili, si mnagawa alama ya biashara ya wenyewe? Kulikuwa na kesi ya Nintendo na Accolade, kama sikosei Nintendo walishinda.

FunguaBoksi: Unakosea mara mbili. Ilikuwa Sega na Accolade, 1992, mahakama ya rufaa ya Marekani, na Sega ndio waliobwagwa. Hata hivyo nembo inakaa ndani ya faili ya gemu. Bodi haina nembo. Msimbo wa kidhibiti hauna nembo. Soma kesi kabla ya kujiita msomaji wake.

MsomaKesi: Jina nililichagua nikiwa na matumaini.

PiniThelathini: Wakuu, swali lilikuwa msimbo.

Vumbi_la_Katriji: Msimbo mtautoa tu, hilo limeisha. Mimi nataka kujua hiyo sevu, pale gemu inapohifadhi ulipofika, mmeiwekea betri au FRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika? Betri ikifa na sevu imekufa. Nilipoteza ya miaka sita, nusu saa baada ya kumwonyesha mdogo wangu.

PiniThelathini: FRAM, haihitaji betri. Na halijaisha, bado ni wawili kwa wawili.

BwanaRisasi: Nimerudi. Pini ya kwanza, ambayo ni ya umeme, dhidi ya pini ya 32, ya ardhi: volti 4.96. Chipu nimeisoma kwa kioo cha kukuzia. 29LV. Haya, semeni.

FunguaBoksi: Hatusemi kitu. Pole kwa msiba unaokuja.

BwanaRisasi: Miaka miwili iko hai! Msiba gani unachukua miaka miwili kufika?

BibiWaBodi: Kuwa hai si hoja. Kama kweli unataka ukubwa ule, shusha umeme wa flashi hadi 3.3 kwa regyuleta, na kati yake na laini za mashine weka 74LVC245, chipu za kupatanisha volti. Zenyewe zinalishwa 3.3 lakini zinavumilia 5 zikiingia. Chipu tatu nne za ziada, na bodi itakubana. Ndiyo maana hawa vijana wamechukua ile ndogo ya volti 5, hawakuwa washamba.

PiniThelathini: Asante bibi. Tulijaribu kuzipanga, hazikuenea kwenye ganda.

BwanaRisasi: Sawa, ya volti nimesikia, nitaibadilisha. Ila bibi, siku ile taa ilipofifia ulikuwa umeweka betri gani?

BibiWaBodi: Za kuchaji.

BwanaRisasi: Za kuchaji! Volti 1.2 mara nne ni 4.8. Za kawaida zikiwa mpya ni 6. Taa hiyo ingefifia hata usingechomeka kitu!

BibiWaBodi: Na chipu ilipata moto kwa betri za kuchaji pia?

Vumbi_la_Katriji: Ngoja kwanza, kwa hiyo betri za kuchaji zinaidhuru Game Boy? Mimi zangu ndizo hizo.