Naomba ushauri: "reverse" mnaitafsirije kwenye mambo ya pesa?

Wakuu, habari za kazi. Natafsiri mwongozo wa wahudumu wa wateja, na neno la Kiingereza "reverse" linanitoa jasho. Kila ukurasa linakuja na sura nyingine.

Kwenye gari halina shida: dereva anarudi rivasi, kondakta kasimama nyuma anagonga bodi, "rudi, rudi, kata kulia, hapo hapo!" Mahakamani pia sina wasiwasi, Mahakama ya Rufani hutengua uamuzi wa Mahakama Kuu. Karatasi ina upande wa nyuma, basi.

Kazi ipo kwenye miamala ya simu. Mteja katuma pesa namba siyo, anataka zirudi. Nimeandika "kurudisha muamala". Mwenzangu anang'ang'ania "kubatilisha". Mimi naona kubatilisha ni kusema muamala haukuwa halali, wakati huu ulikuwa halali kabisa, ila pesa zimeangukia kwa mwingine. Je, "kutengua muamala" itaeleweka, au inanuka mahakama?

Kauli ya kutendua tunayo, tena tamu: funga, fungua, kunja, kunjua, anika, anua. Shida haikubali kila kitenzi. Kutoka "tuma" huwezi kupata kitu.

Pia kuna orodha ya kusomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Niiache hivyo hivyo kwa urefu wake, au "kinyumenyume" inatosha?

Mliowahi kufanya kazi benki au kwenye kampuni za simu, hati zenu za wateja zinatumia lipi? Na ndugu wa Kenya, huko kwenu je?