Maji ya Dar kupewa mwekezaji tena: mimi napinga, tujadili

Wakuu, kila mgao wa maji unaporudi Dar es Salaam tunasikia yaleyale: DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, imeshindwa, apewe mwekezaji. Napinga, na mfano sihitaji kuutafuta mbali. Tulishajaribu hapahapa.

Agosti 2003 City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani, ilikabidhiwa maji ya jiji kwa mkataba wa miaka 10. Ubinafsishaji huo ulikuwa sharti la wakopeshaji wetu, Benki ya Dunia ikiwa mbele. Tuliambiwa ushindani utaleta ufanisi. Ushindani upi? Kampuni tatu zilipita mchujo, lakini iliyoleta zabuni ni moja tu.

Halafu tazameni mzigo ulivyogawanywa. Mabomba na mitambo vilibaki mali ya DAWASA, na fedha kubwa za ukarabati zilikuwa mikopo ya serikali, yaani deni letu. Kampuni iendeshe, ikusanye bili, ilipe ada ya kukodi mitambo. Hata hayo yakaishinda. Makusanyo hayakufikia yaliyoahidiwa kwenye zabuni, ada ikaacha kulipwa kama ilivyopangwa. Mei 2005 Edward Lowassa, akiwa waziri mwenye dhamana ya maji, akatangaza mkataba umevunjwa. Hata miaka miwili haikutimia.

Anayetaka turudi huko atueleze nini kimebadilika.

MCHANGIAJI: Mkuu, historia nimekuelewa, ila sisi wa pembezoni umetusahau. Mgao wa 2022 tulikunywa maji ya boza na madumu ya mkokoteni. Bomba likipasuka unapiga simu, maji yanamwagika kutwa nzima, mwisho wa mwezi bili inakuja palepale. Mama ntilie wa mtaani kwetu haulizi mmiliki ni nani, anataka maji yatoke. City Water ulikuwa mkataba mbovu. Mkataba mzuri unawezekana.

MLETA MADA: Ndugu yangu, kero zako ni za kweli, na DAWASA ibanwe kwelikweli. Lakini maji yaliyoongezeka yametoka wapi? Mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196. Zote zilipanuliwa zikiwa mikononi mwa umma, moja kwa msaada wa Marekani, nyingine kwa mkopo wa India. Mgao wa 2022 nao ulitokana na ukame uliopunguza mto Ruvu. Dawa yake ni bwawa la Kidunda, nalo linajengwa kwa fedha za serikali.

DAWASA ikikukosea una diwani, una mbunge, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua hesabu zake. City Water ilipoondolewa, kesi zilifika London na kwenye ICSID, baraza la Benki ya Dunia la kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Julai 2008 ICSID ikaamua kwamba serikali ilikiuka mkataba wa uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza kwa namna ilivyoiondoa kampuni, ingawa haikuamuru fidia. Miaka mitatu ya mawakili, kwa kampuni iliyoshindwa kazi!

Basi huo mkataba mzuri uwekwe hadharani kwa Kiswahili kabla haujasainiwa, tuusome wote: nani analipia bomba la kufika Mbagala, na kampuni ikishindwa, nani anaifukuza na kwa gharama ya nani?